Mukaba wa motokari: umefungwa juu ya nini?



Katika ukurasa huu tumekwisha kusema mara nyingi juu ya mukaba wa usalama. Tulisema: ingia, keti, funga. Leo ninapaswa kuongeza jambo moja ambalo sikulisema vizuri wakati ule, na ni mugonjwa mumoja aliyenifundisha.

Ilikuwa siku ya tano jioni, katika majira ya mvua. Bisi ndogo iliyotoka Lubumbashi iliteleza karibu na kuingia Likasi, ikatoka barabarani na kupiga ukingo wa mufereji. Watu waliletwa kwetu ndani ya kamyo ya mupita njia. Mumoja wao alikuwa mwenzetu, fundi wa umeme, baba wa watoto watano, aliyekuwa ameketi mbele karibu na shofere. Mufupa wa paja ulikuwa umevunjika, taya pia, na ndani ya jicho la kushoto mulikuwa vipande vya kioo. Nilipoanza kukata koti lake nilikuta mukaba ungali kifuani. Waliomutoa waliukata kwa kisu pale juu, karibu na nguzo ya mulango, wakamubeba nao. Kifungio kilikuwa kimefungwa. Utepe ulikuwa muzima, haukupasuka hata uzi mumoja. Lakini kwenye mwisho wake wa chini ilining'inia buloni, na pamoja na buloni kipande cha sakafu ya gari, kikubwa kama kiganja cha mukono, kimeliwa na kutu pande zote.

Kabla ya kupelekwa hospitali alinikamata mukono akasema kwa shida, maneno yakipita katikati ya meno: «Muganga, mimi nilifunga.»

Alisema kweli. Alifanya yote tuliyomufundisha. Alipona, lakini lile jicho halioni tena, na kupanda ngazi kwa kazi ya umeme hawezi tena. Leo anachunga vyombo katika stoo. Kosa halikuwa lake. Kosa lilifanyika siku nyingi mbele, siku ile mutu alipoweka mukaba ndani ya ile bisi na kusema: imetosha.

SHERIA INASEMA NINI?

Kuvaa mukaba na kuweka mukaba ni mambo mawili, na sheria inayatenga. La kwanza linamuangalia mutu. La pili linamuangalia mwenye gari na fundi wake. Kwetu tunasikia sana lile la kwanza, kwa sababu polisi anaweza kuliona akisimama kando ya barabara. La pili liko chini ya kiti, pahali pasipoonekana.

Mikaba ya zamani ilikuwa utepe mumoja tu wa kupita juu ya tumbo. Mwaka 1959 injenieri Nils Bohlin wa kiwanda cha Volvo katika Uswidi, mutu aliyekuwa ametumika mbele juu ya viti vya ndege vinavyorusha rubani inje, alipanga mukaba unaoshikwa pahali patatu: pamoja juu ya bega, pawili kandokando ya kiuno. Volvo iliacha viwanda vingine vitumie ufundi ule bila kulipa. Ni mukaba ule ule tulio nao leo. Musisahau hesabu hiyo ya patatu. Pahali pamoja pakiachia, mukaba umekuwa kamba tu.

Tarehe 8 Novemba 1968, katika muji wa Vienna, mataifa yalipatana juu ya sheria za barabara. Inchi yetu, ikiitwa Zaire, iliingia katika mapatano hayo mwaka 1977, na tarehe 30 Agosti 1978 ikatoka Sheria namba 78-022, ile mashofere wanaita Code de la route. Mwaka 1993 mapatano ya Vienna yaliongezwa maneno mawili juu ya mukaba. Neno la kwanza: anayeketi juu ya kiti chenye mukaba anapaswa kuufunga, awe shofere au mupandaji. Neno la pili: viti vyote vinavyotazama mbele ndani ya gari ndogo viwe na mikaba iliyokubaliwa, pahali ambapo ufundi unaruhusu. Na gari ndogo ni gani? Ni ile isiyopita kilo 3,500 na isiyo na viti zaidi ya 8, bila kuhesabu kile cha shofere.

Angalieni ile hesabu ya 8. Bisi ndogo zetu za kwenda Lubumbashi, Kambove au Kolwezi zinabeba watu 15, watu 18, na siku zingine shofere mwenyewe ameacha kuhesabu. Lile neno la pili haliziangalii. Juu ya bisi, mapatano yanaacha kila inchi iandike sheria yake.

Kenya iliandika. Mwaka 2003 waziri wa usafiri, John Michuki, alitoa amri namba 161: kila kiti cha matatu kiwe na mukaba, gari lisipite kilometa 80 kwa saa na liwe na chombo cha kuzuia mwendo, na matatu zilizobeba watu 18 zibebe 14. Amri ilianza kushika tarehe 1 Februari 2004. Siku zile za kwanza watu wengi wa Nairobi walienda kazini kwa miguu, kwa sababu matatu nyingi hazikuwa tayari. Wenye gari walilalamika, wapandaji walilalamika kwamba mikaba ni michafu inaharibu nguo, lakini barabara zilitulia. Kisha miaka ikapita, macho yakalegea, na katika Novemba 2018 serikali ilipaswa kuziamsha tena sheria zile zile za Michuki, ambaye alikuwa amekufa tangu 2012. Mimi ninaheshimu kazi ile. Lakini kila mara ninajiuliza jambo moja: polisi aliyeingia ndani ya matatu na kuona utepe juu ya kila kiti, aliinama kutazama umefungwa juu ya nini?

KILO 1,400

Sasa hesabu kidogo. Musiogope, ni hesabu ya kazini.

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likipiga ukuta, mutu aliye ndani anapigwa kama aliyeanguka kutoka urefu wa metre 10. Kwa kilometa 80 ni metre 25. Hakuna kati yetu anayeweza kupanda metre 25 bila kamba ya usalama na kusema: nitajishika kwa mikono. Lakini ndani ya gari tunasema hivyo kila siku.

Kwa kilometa 50, pua ya gari inapokunjika na mukaba unapovutika kidogo, mwili unapata karibu nusu metre ya kusimama. Katika nusu metre ile, uzito wa mutu unajizidisha karibu mara 20. Mutu wa kilo 70 anavuta mukaba kama kilo 1,400. Ni mifuko 28 ya simenti. Asiye na mukaba hapati nusu metre. Anasimama katika sentimetre chache tu, kwa paji la uso, juu ya kioo au chuma. Huko hesabu zinapita mbali, nami ninapokea majibu yake juu ya meza ya dispanseri.

Kwa hiyo ile mifuko 28 inapaswa kushikwa na nini? Umoja wa Mataifa uliandika mwaka 1970 kanuni mbili za ufundi ambazo viwanda vya gari vinafuata. Kanuni namba 16 ni ya mukaba wenyewe: utepe usiwe mwembamba kuliko milimetre 46, na usikatike mbele ya kuvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 1,500. Kanuni namba 14 ni ya pahali pa kufungia. Kwa gari ndogo, sehemu ya bega inavutwa kwa zaidi ya kilo 1,300, na sehemu ya kiuno vilevile, zote kwa mara moja, na chuma cha gari hakiruhusiwi kuachia. Buloni yenyewe ina unene wa karibu milimetre 11, ya chuma kigumu, nayo inaingia ndani ya ekru iliyounganishwa na mwili wa gari kwenye chuma kilichokunjwa mara mbili au tatu. Si ndani ya bati la sakafu.

Ninyi munaotumika juu, katika viwanda vya Shituru na Panda, munajua hayo kuliko mimi. Mukubwa wa kazi akikukuta umefunga kamba yako ya usalama juu ya bomba la maji, anakuteremsha saa ile ile. Hataki kujua kama kamba ni mupya. Anatazama umeifunga wapi. Mbona jioni, tukitoka kazini, tunaingia ndani ya bisi na kuacha akili ile kwenye mulango wa kiwanda?

ILE BISI ILIKUWA NAMNA GANI?

Nilimuuliza fundi mumoja wa garaji aliyeiona baadaye. Akanieleza, na maelezo yake yanafaa kwa gari nyingi zinazotembea kwetu.

Gari lile lilitengenezwa kwa kubeba mizigo. Kiwanda kiliweka viti vya mbele tu, na nyuma kulikuwa sakafu tupu. Lilipofika huku kama gari la mukono wa pili, mwenyewe aliunga mabenchi ya vyuma nyuma kwa moto, juu ya bati. Hakuna aliyefikiri kama benchi litashika watu wanne likisimama kwa ghafula. Hata ukifunga mukaba muzuri juu ya benchi kama lile, benchi litaondoka pamoja nawe na mukaba wako. Ndiyo sababu fundi wa kweli, akiombwa kuweka mikaba nyuma, anaanza na kiti, kisha sakafu, na mukaba unakuja mwisho.

Kwa upande wa mbele, mukaba wa kiwanda ulikuwa umechakaa. Mwenyewe akanunua mwingine uliotolewa ndani ya gari lililoanguka. Huo ulikuwa bado na nguvu, tumeona. Lakini pahali pake pa chini palikuwa pameoza. Maji ya mvua yanaingia chini ya mupira wa sakafu na yanakaa pale majira yote. Bati linaliwa kutoka chini na juu linaonekana zuri. Fundi wa siku ile alitoboa shimo lingine pembeni, ndani ya bati lile lile lililooza, akatia buloni na kipete kidogo, akakaza. Kazi ya dakika 20. Ilimufaa shofere mbele ya polisi kwa muda murefu.

Watu wetu wana jina kwa mikaba ya namna hiyo: mukaba wa polisi. Kuna mashofere wanaoulaza tu juu ya kifua wanapoona kizuizi mbele, bila kutia ulimi ndani ya kifungio. Kuna wanaofunga kwa kamba ya nailoni. Sicheki. Ninajua bei ya vitu, na ninajua versement ambayo shofere anapaswa kumupelekea mwenye gari kila jioni. Lakini mwenye gari ndiye sheria inamuangalia kwanza katika jambo la kuweka, na si vizuri shofere peke yake abebe makosa yote.

NINYI WAPANDAJI, MUFANYE NINI?

Hamuwezi kufungua sakafu ya bisi ya watu. Lakini munaweza kutia mukono. Mbele ya kufunga, fuata utepe kwa vidole mpaka chini. Ukikuta buloni, itikise. Isitembee hata kidogo. Kisha vuta utepe kwa ghafula: mukaba wa kujikunja unapaswa kukataa. Ukitoka tu polepole bila kukataa, chombo cha ndani kimekufa. Ingiza ulimi, sikia mulio wake, kisha vuta tena. Tazama kama utepe umekatika pembeni au umeungwa kwa uzi wa kushona nguo. Ni kazi ya muda mufupi kuliko kulipa nauli.

Na wewe mwenye gari lako, unayelipeleka kwenye kontrole teknike kwa ajili ya karatasi tu, inua mupira wa sakafu mara moja kwa mwaka, mwisho wa mvua, katika mwezi wa nne au wa tano. Piga bati kwa bisibisi karibu na buloni. Ikiingia, umepata kazi. Panapaswa kukatwa bati lililooza, kuungwa chuma kipya kinene mpaka kwenye chuma kigumu cha mwili wa gari, na chini yake kuwekwa bamba pana la kugawa nguvu. Usiunge kwa moto buloni yenyewe: moto unaondoa ugumu wake. Na mukaba uliokwisha kushika mutu katika ajali kubwa usiuze na usinunue. Nyuzi zake zimevutika hata kama macho hayaoni.

Nilisikia kazini neno hili: «Mukaba utanifunga ndani, gari likiwaka moto nitakufa.» Nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma. Anayepasuka kichwa hawezi kufungua mulango. Yule aliyefungwa vizuri anabaki na akili yake, na kidole kimoja kinatosha kufungua kifungio.

Wenzetu wa mitambo mikubwa huko kwenye mashimo ya wazi wana neno lao: «Mutambo ukipinduka, mimi nitaruka.» Hapo ninakataa kabisa. Kile chumba cha shofere kimejengwa kwa chuma kigumu ili kisibanwe mutambo ukilala. Mukaba kazi yake ni kukuweka ndani ya chumba kile. Anayeruka anaangukia upande ule ule ambao mutambo unaangukia.

Kwa mama sasa. Mutoto wa kilo 10 juu ya magoti yako, gari likipiga kwa kilometa 50, anakuwa kilo 200, mifuko minne ya simenti. Hakuna mikono ya mama inayoshika mifuko minne. Na musimufunge mutoto pamoja nawe ndani ya mukaba mumoja, kwa maana mwili wako wote utamukandamiza. Mutoto akae nyuma. Kama gari ni lenu, mutafute kiti cha watoto kinachofungwa na mukaba wa gari. Hata cha mukono wa pili ni heri, kama hakikupita ndani ya ajali. Mama mwenye mimba afunge, asiache. Utepe wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ule wa juu upite katikati ya matiti, kando ya tumbo. Nyonga ni mufupa, inashika. Tumbo haina mufupa. Ndiyo sababu vilevile ile mikaba ya zamani ya kiuno tu, ikivaliwa juu sana, inaweza kupasua matumbo ya ndani. Mutu aliyepata ajali akiwa na alama nyekundu ya mukaba juu ya tumbo, hata akisema hana maumivu, mumulete kwetu siku ile ile. Damu inaweza kutoka ndani pole pole.

Yule fundi wa umeme amenipa ruhusa ya kuandika habari yake bila jina. Kile kipande cha sakafu pamoja na buloni yake na utepe ninavichunga katika dispanseri, ndani ya chumba cha kufungia vidonda, kando ya mizani ya watoto. Anayetaka kuviona aje kila siku ya kazi kuanzia saa nane muchana, wagonjwa wakipungua. Mashofere wa bisi wanakaribishwa pia, hata wasiotumika katika kampani yetu.